Siku Tatu Nairobi Bila Faili Mkononi

Sisi watu wa Mombasa hupanda Nairobi kwa shida: kesi ya rufaa, mgonjwa anayehitaji daktari bingwa, pensheni iliyokwama, au jamaa anayesindikizwa uwanja wa ndege. Kwa miaka thelathini nimeingia mji huo na kutoka nikiwa na faili kwapani, nikiujua kwa foleni za magari na ngazi za maofisi tu. Ndiyo maana mpwa wangu, ambaye kazi imemweka huko, aliponipigia simu mwezi wa saba akasema, "Mjomba, safari hii njoo mikono mitupu, nikutembeze," niliona haya kumkatalia.

Nilipanda treni ya Madaraka ya saa tisa alasiri kutoka Miritini. Mpaka Voi nilikuwa macho kabisa, kwani reli hiyo, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, hupita Tsavo juu ya tuta refu, na abiria huwatazama ndovu kutoka juu, wamejipaka udongo mwekundu wa huko hata huwezi kuwatofautisha na vichuguu mpaka wasogee. Baada ya Mtito Andei giza lilianza kuingia, nikaegemeza kichwa kwenye kioo, na aliyeniamsha ni mhudumu pale Syokimau.

Asubuhi ilikuwa na baridi ya kuuma masikio. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na jina lake limetokana na maneno ya Kimaasai yanayotaja maji baridi. Anayetoka pwani mwezi wa saba hahitaji kufafanuliwa zaidi. Mpwa wangu alinitazama miguuni, akacheka kwa adabu. "Mjomba, makubadhi hayo ni ya barazani. Karura kuna tope." Akanipa viatu vyake, vilivyonipwaya kidogo, tukaenda.

Msitu wa Karura una zaidi ya hekta 1,000, nao umezingirwa na mitaa ya wenye mali, majumba ya mabalozi na barabara kuu. Lakini ukishaliacha lango nyuma yako kwa mwendo mfupi tu, ngurumo za magari hufifia, ukabaki na kima wanaorukia matawi na wapanda baiskeli wanaopiga kengele kuomba njia. Nilichokistahi zaidi ni miti. Kuna mikaratusi mirefu iliyonyooka, miti ya kigeni iliyopandwa na watu, na chini yake hakuoti mengi. Halafu unavuka kijito na mara umo katika mwitu wa asili, wenye mihugu, mti ule ule ambao wachongaji wa Changamwe huugeuza kuwa twiga na vinyago. Maisha yangu yote nimeujua muhugu kwa harufu ya vumbi lake, na sikuwahi kuuona ukiwa na majani. Nilisimama nikaushika gamba, mpwa wangu akadhani nimechoka.

Tuliteremka hadi kwenye maporomoko ya Mto Karura, ambayo si makubwa ila yanafaa kwa kukaa kimya, kisha tukafika kwenye mapango ambayo inasimuliwa kuwa wapiganaji wa Mau Mau walijificha humo. Hapo nilimweleza kwamba msitu wenyewe ulinusurika. Katika miaka ya 1990 sehemu zake zilikuwa zimegawiwa watu wa kujenga majumba, na Januari 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walipokwenda kupanda miche walishambuliwa na walinzi, naye akajeruhiwa kichwani. Mwaka 2004 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kuipata. Mpwa wangu hukimbia humo kila Jumamosi na kisa hicho alikuwa hakijui, kwa hiyo kwa nusu saa mwenyeji nilikuwa mimi, na mgeni alikuwa yeye.

Siku ya pili tulidamka kwenda Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 117. Imezungushiwa ua pande tatu. Upande wa kusini umeachwa wazi ili pundamilia na nyumbu wapate kutoka kwenda kwenye nyanda za Wamaasai. Simba hatukumwona. Tulimwona kifaru akila majani, nyuma yake maghorofa ya mjini, na juu kwa mbali daraja la reli mpya ya Naivasha likikatiza mbugani juu ya nguzo zake, jambo ambalo wengine hulipenda kwa picha na mimi lilinikera. Kisha tukapelekwa pale ambapo Rais Moi alizichoma tani 12 za pembe za ndovu mwaka 1989, na ambapo tani 105 nyingine ziliteketezwa mwaka 2016. Limebaki jivu tu. Tuliporudi tulipitia kwa twiga wa Lang'ata, wanaolishwa mkononi. Watoto waliokuwapo walifurahi kuliko mimi, niliyeloweshwa kiganja kizima kwa ulimi mmoja.

Siku ya tatu ilikuwa ya makumbusho. Katika Makumbusho ya Taifa kuna sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit ambaye Mzee Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri ya rais mpaka akafa kifo cha kawaida mwaka 1974, na pembe zake zinakaribia kugusa ardhi. Baada ya lile jivu la jana, nilimzunguka mara mbili. Ndani yamehifadhiwa mabaki ya kijana wa Turkana, aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984 na aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita.

Hata hivyo, kilichonikamata hasa ni Makumbusho ya Reli, mahali ambapo wageni wengi hawafiki. Nairobi yenyewe ni mtoto wa reli. Ilianza kama kambi ya wajenzi mwaka 1899. Humo limehifadhiwa behewa nambari 12. Mwaka 1900 ofisa wa polisi aitwaye Ryall alikwenda nalo hadi stesheni ya Kima kumwinda simba aliyekuwa akila watu. Wenzake wawili walilala, yeye akashika zamu dirishani, usingizi ukamshinda, na simba akaingia akamtwaa na kutoka naye kwa dirisha. Kima, kwa sisi watu wa pwani, ni nyama ya kusaga ya sambusa, na nilikuwa nataka kumtania mpwa wangu kuhusu jina hilo, ila aliniwahi.

"Mjomba," alisema, "si wewe pia umepita Kima umelala, kichwa kiko dirishani?"

Niliondoka kesho yake kwa treni ya asubuhi, ile inayosimama stesheni nyingi. Kabla hatujafika Emali simu ililia; ni yeye, ameandika maneno mawili: "Usilale, Mjomba." Nilikaa wima mpaka Mtito Andei.