Romeo wa Taylor hafi

Jana saluni redio ikapiga "Love Story" ya Taylor Swift. Dada aliyekuwa ananisuka akauimba wote, mpaka pale baba anapokubali na gauni jeupe linatafutwa. Nikamuuliza, "Shosti, unajua kwenye tamthilia ya Shakespeare hawa wawili, Romeo na Juliet, wanakufa?" Mikono ikasimama kichwani mwangu. Nikamsimulia sumu, jambia, kaburi la kina Capulet, ukoo wa Juliet. Akaguna: "Basi Taylor kafanya la maana."

Na mimi nipo upande huo. Wimbo ulitoka 2008, Taylor ana miaka 18, na ile jeuri ya kumnyang'anya Shakespeare mwisho wake akaweka harusi ndiyo utamu wenyewe.

Ninapokwama ni pale anapojiita herufi nyekundu. Hiyo inatoka kwenye riwaya ya Nathaniel Hawthorne ya 1850. Hester Prynne kazaa nje ya ndoa huko Boston ya Wapuritani, Wakristo wenye msimamo mkali, wakamlazimisha avae herufi A nyekundu kifuani, alama ya uzinzi. Naye, kiburi hicho, kaidarizi kwa uzi wa dhahabu! Sasa mwanamke aliyebebeshwa aibu mbele ya mji mzima na binti aliyekatazwa tu na baba yake, wapi na wapi? Naona Taylor alipenda mlio wa maneno, basi.

Dada wa watu Romeo keshamsahau. "Huyo Hester, baba wa mtoto nani?"

Nikamwambia: mchungaji.

Saluni nzima ikageuka.