Kabla Dalali Hajarudi

Juni 2016 nilikuwa Mufindi, nikizungukia wakulima wa miti vijijini baada ya kumaliza chuo cha misitu Olmotonyi. Mama mmoja mjane alinipokea uani. Tulipomaliza salamu zetu za kamwene, akaniambia, "Dalali anarudi Jumamosi, mwanangu."

Alikuwa na ekari moja ya misindano aliyoipanda na marehemu mumewe miaka tisa nyuma. Dalali aliitazama akiwa barabarani, akataja bei ya shamba zima bila kugusa hata mti mmoja. Jambo hili linaniuma mpaka leo: mnunuzi anajua anachonunua, mwenye mali hajui anachouza.

Sikumwambia auze wala asiuze. Nilimwomba twende shambani. Nilikuwa na kamba ya mita 5.64, ukiizungusha kutoka katikati, unapata duara la mita za mraba 100, na kila mti ulio ndani unawakilisha kama 40 katika ekari. Mjukuu alishika ncha ya kamba. Mama akazungusha futikamba ya kushonea kwenye kila shina, usawa wa kifua, akisoma kwa sauti: 38, 41, 29, 52. Miti ilikuwa imebanana, mita mbili kwa mbili, haijapunguzwa wala kupogolewa. Matawi makavu yalitukwaruza mikono. Ya bondeni ndiyo ilikuwa minene.

Tukakaa tukapiga hesabu. Mzingo wa 41 ni unene wa sentimita 13 tu. Kwenye dingdong, ile mashine ndogo ya kupasulia mbao, hapo hutoki na mbao ya mbili kwa sita. Ukivuna yote, unapata fedha ya mara moja. Ukitoa iliyodumaa ukaiuza kama mirunda, yaani nguzo nyembamba za ujenzi, fedha ni kidogo, ila inayobaki inanenepa. Na ukisubiri bila kufyeka barabara ya moto, ule ukanda mtupu wa kuzuia moto usiingie shambani, kiangazi kimoja kinaweza kumaliza kila kitu.

"Huyu anaingia kidato cha tano mwezi ujao," alisema, akimtazama mjukuu.

Jumamosi alimtolea dalali daftari la vipimo vyetu. Aliuza mirunda kwa idadi, na miti ya bondeni mmoja mmoja kwa unene wake. Mimi ningeiacha ile ya bondeni. Yeye alitaka kinyungu chake cha maharage, bustani yake ya bondeni, kirudi, na shamba ni lake. Dalali alinung'unika, akahesabu upya, akalipa. Ya mlimani ilibaki, na mwezi huohuo wakaifyekea barabara ya moto.