Siku moja maishani mwangu: Jumanne na dogo mwenye mbio asiye na breki

Nikiwaambia watu wa nyumbani nafundisha mpira wanajua ni soka. Hapana, huku Fort Worth, Texas, mpira ni ule wa Kimarekani, wa helmeti na mabega ya plastiki. Mchana mimi ni mwalimu wa hesabu sekondari, kabla na baada ya hapo nafundisha marisiva, wale wanaosimama pembeni kabisa kazi yao kukimbia na kudaka. Nimekulia Tanga, nikaja huku na miaka 14, nikacheza konabeki, yaani yule anayemkaba risiva. Kwahiyo nawajua marisiva kwa upande wa kuwakaba, na hilo ndo linanisaidia sana kwenye hii kazi.

Saa 10:45 alfajiri

Chai ya rangi, laptop mezani, narudia klipu moja ya mechi ya Ijumaa. Dauni ya tatu, yaani jaribio la tatu kati ya manne unayopewa kusogeza mpira yadi 10, zinatakiwa yadi 8. Dogo wangu, miaka 16, anatakiwa akimbie namba 4, manake rauti za risiva, yaani njia anazokimbia, zina namba toka 0 mpaka 9, na kwetu namba 4 ni unakwenda moja kwa moja yadi 10, unasimama ghafla, unamgeukia kwotabeki, yule anayerusha mpira, na kurudi hatua mbili kuufata mpira. Ukidaka hapo umepata yadi 8 zako. Dogo kadaka vizuri tu, ila kadaka yadi ya 7. Imepungua yadi moja, jaribio la nne tukapiga mpira mbali kwa mguu tukawapa wapinzani.

Narudisha nyuma taratibu, nahesabu miguu. Hatua tano mpaka anasimama. Tano! Na kwa vile mwili wake unajua hauwezi kusimama haraka unaanza kufunga breki mapema, kwenye yadi ya 6 kifua kinainuka, konabeki anakiona anajua huyu anasimama, anaanza kuja hata kabla mpira haujarushwa.

Saa 12:15 asubuhi

Chumba cha vyuma, bado giza nje. Wengine wanasukuma uzito wa kifua kwa kelele, dogo nimempeleka pembeni kwenye boksi la mbao. Anashuka kwa mguu mmoja, anatua, anatulia, hesabu mpaka tatu, anarudia mguu mwingine. Anaboreka, namwona usoni. Ila kiukweli hii ndo kazi yenyewe, kukimbia ni kusukuma, kusimama ni kupokea uzito wote wa mwili wako unaokuja kwa kasi, na misuli ya mbele ya paja isipofundishwa kuupokea goti ndo linalipa. Watoto wenye mbio toka wadogo hakuna mtu aliwahi kuwafundisha kusimama, kila kocha aliwaambia kimbia tu!

Saa 2 mpaka saa 6 mchana

Vipindi. Aljebra, aljebra, jiometri. Napita haraka hapa.

Saa 6:20 mchana

Dogo anakuja darasani kwangu na sahani yake ya kantini tunaangalia video dakika ishirini. Leo nimemwonyesha kitu kimoja tu: mwaka jana timu zote zilimsogelea karibu, akawapita kwa namba 9, ile ya kukimbia moja kwa moja mpaka mwisho, tachidauni, yaani bao la huku. Mwaka huu wameshamjua. Konabeki anasimama yadi 8 au 9 nyuma, anamwachia nafasi yote ya mbele, ila juu ya kichwa hapiti mtu. Sasa hiyo nafasi ni zawadi ambayo kasi yake mwenyewe ndo imemnunulia, na hawezi kuitumia kwasababu hajui kusimama!

Akanyamaza akaniuliza, "Kocha, kwani nimeshuka kiwango?" Ikaniuma hiyo. Nikamwambia hapana mwanangu, hujashuka, swali la mtihani limebadilika. Nikamtolea mfano wa Davante Adams, risiva wa NFL, ligi kuu ya kulipwa ya huku, mwaka 2015 akiwa timu ya Green Bay alimaliza msimu na yadi 483 na tachidauni moja tu, anadondosha mipira, watu wakasema huyu basi. Mwaka uliofuata yadi 997 na tachidauni 12, na baadae akawa mmoja wa marisiva bora kabisa wa NFL. Na hakuwa na kasi ya kutisha, silaha yake ni miguu inayosimama na kubadilika mpaka konabeki hajui amfate wapi. Tena hata Ja'Marr Chase, risiva mwingine, alipoingia NFL 2021 alidondosha mipira kwenye mechi za maandalizi, akasema mpira wa kule hauna mistari myeupe kama ule wa chuo, ila msimu ulipoanza akapiga yadi 1,455 na kuwa chipukizi bora wa ushambuliaji.

Saa 9:30 alasiri

Uwanjani, jua la Texas halijui kama Septemba inaisha, nyuzi tisini na kitu kwa Fahrenheit, maji kila robo saa. Tunaanza na breki. Nimechora mstari kwa unga mweupe kwenye yadi 10, sheria ni moja, kifua kibaki juu ya magoti, mikono iendelee kupiga kama bado unakimbia, nyonga ishuke chini ndo usimame. Mimi nasimama pale anaposimama konabeki, na nikibashiri kabla hajasimama anarudia. Mara sita za kwanza nimembashiri zote. Ya saba nilichelewa. Nikapiga kelele kama mtoto jamani, wenzake wote wakageuka kuangalia!

Halafu mashine ya kurusha mipira, arobaini kila mtu. Mpira ukija juu ya kifua vidole gumba vinakutana, ukija chini ya kiuno vidole vidogo ndo vinakutana. Dogo kadondosha mitatu na yote mitatu sababu moja, macho yanaondoka kwenye mpira kabla haujafika kwapani, anaangalia pa kukimbilia kabla hajawa na kitu cha kukimbia nacho. Hilo ni la kurekebishika, silii nalo. Linalonisumbua zaidi ni kuzuia, yaani kumsukuma mkabaji asimfikie mwenye mpira. Mwenzake akiwa na mpira yeye anamgusa konabeki begani halafu anasimama kutazama, na mpira wa kukimbizwa ukifika pembeni ni yeye ndo anaamua kama ni yadi 4 au 40. Hapo nilikuwa mkali kidogo, nadhani alistahili.

Kugongana leo hakuna, Texas tunaruhusiwa dakika 90 tu za kugongana kwa wiki kwa kila mchezaji na mimi nazitunza.

Saa 12:40 jioni

Mama yake kaja kumchukua, katoka kazini moja kwa moja na sare bado mwilini. Wametokea Bukavu, kwahiyo tunaongea Kiswahili, yeye cha kwao mimi cha Tanga, na nadhani pale shule ni mimi tu ninayeongea nae bila mkalimani.

"Mwalimu, jambo. Huyu mutoto anasoma kweli?"

"Shikamoo mama. Kemia ana 71."

Akashika kichwa. Huku ipo sheria tangu 1984, ukishuka chini ya 70 kwenye somo moja tu huchezi, na wiki sita za kwanza za masomo zinafungwa karibuni. Tukakubaliana Jumatano na Alhamisi baada ya mazoezi anakaa kwangu na kemia saa nzima, mama anamfata baadae. Akauliza pia kuhusu kichwa, wanavyogongana vile hakiumii? Sikumdanganya. Nikamwambia hatari ipo mama, ila sheria ya hapa mtoto akihisiwa ameumia ubongo anatolewa papo hapo na harudi mpaka daktari asaini, na mimi mwenyewe nitamtoa hata kama tumebakiza sekunde kumi na tunafungwa. Akaniangalia muda mrefu. "Basi ni wako saa hizi, na jioni ni wangu."

Saa 3:30 usiku

Nimekula, nimesahihisha madaftari nusu, nusu nimelala juu yake. Simu inalia. Dogo katuma video, yuko kwenye maegesho ya magari ya apatimenti yao chini ya taa, mdogo wake kashika simu inatikisika, anakimbia kutoka gari jeupe mpaka ufa wa lami anasimama. Ameandika: "Kocha hesabu."

Nikahesabu. Nikarudisha nikahesabu tena. Tatu.

Nikamjibu: "Tatu, nimeona. Kifua bado kinainuka. Kemia umefungua?"