Meli Ipo, Nauli Ipo

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Wiki hii nimekaa na Yona sura ya kwanza, kwa sababu ya neno tunalolisikia karibu katika kila ushuhuda: "Mungu amefungua mlango." Kazi imepatikana mgodini Geita, mlango umefunguka. Mchumba amejitokeza, mlango. Mkopo umepita, mlango. Sina ugomvi na shuhuda, ila tumtazame kwanza huyu nabii pale bandarini Yafa. Aliteremka tu, akakuta meli inayokwenda Tarshishi. Nafasi ipo, nauli anayo, akalipa akapanda. Hakuzungushwa na mtu. Angekuwa wa kwetu, Jumapili angeomba kipaza sauti. Kumbe anamkimbia Mungu.

"Lakini nina amani na jambo hili." Hata hiyo amani Yona alikuwa nayo. Mabaharia wanatupa shehena majini, yeye yuko chini kabisa ya meli, usingizi umemchukua.

Sasa soma na Marko 4. Waliowahi kuvuka kwenda Ukerewe siku ambayo upepo umegeuka ghafla hawahitaji kuelezwa mistari hii. Yesu mwenyewe ndiye aliyesema, "Na tuvuke mpaka ng'ambo." Wanafunzi wakatii, na kutii kwao kukawapeleka kwenye dhoruba kuu, mawimbi yakaingia hadi chombo kikaanza kujaa maji. Na Bwana yuko shetri, nyuma ya chombo, amelala juu ya mto. Chombo, dhoruba, msafiri aliyelala: kwa macho tu huwezi kujua ni safari ipi ya uasi na ipi ya utii. Kwa hiyo mambo yakikunyookea, usiwahi kusema Bwana amesema. Yakikuchachamalia, usiwahi kusema umepotea njia.

Tofauti ilikuwepo kabla ya safari. Yona alikwisha kuambiwa, "Ondoka, uende Ninawi." Alijua. Nasi wengi tunafunga na kukesha tukitafuta neno jipya, huku lile la zamani tumelikalia. Kijana anaomba aonyeshwe kama ahamie Dar es Salaam, na mama wa mtoto wake yuko hapo Igoma hajapewa matumizi. Hilo la matumizi halihitaji ndoto. Alianze leo, Dar ifuate.

Na mahali ambapo hakuna agizo? Chukua mama mwenye kazi ya mshahara anayetaka kuingiza akiba yake kwenye dagaa. Hakuna mstari wa Biblia unaomwambia aache kazi au abaki. Yakobo 1:5 inamwambia aombe hekima, na hekima hiyo mara nyingi huja kwa miguu. Aende soko la dagaa la Mwaloni, Kirumba, akae na akina mama wanaopokea magunia. Aulize bei inaanguka lini. Aulize siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wanapokaa nchi kavu, yeye atakula nini. Mvua ikinyesha dagaa bado wameanikwa, hasara ni ya nani? Mtaji ni akiba kweli, au kuna mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, pembeni? Na baba watoto amesemaje? Nimesikia maswali haya yakiitwa upungufu wa imani. Sikubali. Kwangu hayo nayo ni maombi. Wanaomtaja Gideoni na ngozi ya kondoo aliyoiweka kumwomba Mungu ishara wasome vizuri Waamuzi 6:36: anasema mwenyewe, "kama ulivyosema." Neno alikuwa nalo tayari, ngozi ilikuwa ya kutuliza woga wake, na Mungu kwa upole akamchukulia.

Akishaomba, akishauliza, na dhamiri haimshitaki, aamue. Paulo anamwambia mjane katika 1 Wakorintho 7:39 kwamba yu huru kuolewa na amtakaye, "katika Bwana tu." Hamtumi akasubiri kuoteshwa jina la mtu. Uhuru huo unatutisha kuliko amri, maana ukiamua mwenyewe huna wa kumsingizia.

Hata maono yakija, yaletwe kwa wenzako. Matendo 16, yule mtu wa Makedonia alimtokea Paulo peke yake usiku, lakini waliopata hakika kwamba Mungu amewaita ni wote waliokuwa naye. Ndipo wakaondoka. Na huko Filipi, katika safari hiyohiyo ya wito, Paulo na Sila wakapigwa bakora na kufungwa gerezani.

Basi mwenye uamuzi mkubwa mbele yake aulete Jumatano kwenye ibada ya nyumbani, mapema, wakati ushauri bado unaweza kubadilisha kitu. Siku hizi mtu anatuletea kadi ya mchango wa harusi, ndipo anatuambia tumwombee ajue kama ndiye.