Uliibiwa Kaunti Gani, Mama?

Niliibiwa mkobani nikiwa nimelala, na nimekuja kujua kwamba kulala ndiko kulikoniponza, sio kuibiwa. Aliye macho hujua ameibiwa wapi.

Mimi nauza leso na madera. Kila mwezi napanda basi la usiku pale Mwembe Tayari, asubuhi niko Kisumu, nawapa wateja mizigo yao, nakusanya madeni ya mwezi uliopita, jioni narudi Mombasa. Safari hiyo nilikuwa na shilingi 38,000 taslimu. Mtito Andei tulishuka kunywa chai, yapata saa sita usiku, na mkoba nilikuwa nao kwa yakini kwa sababu nilitoa humo mia moja nikanunua chai na mahamri makavu ambayo hata mwanangu wa miaka sita angenirudishia. Nikarudi kwenye kiti, nikaupakata mkoba, nikajifunika ushungi usoni. Nairobi niliisikia kwa mbali tu, taa na kelele za makanga. Nilikuja kuzinduka Salgaa, mbele ya Nakuru, jua limeshapanda.

Mkoba ulikuwa bado mapajani. Mwepesi. Ulichanwa kwa wembe upande wa chini, mstari mmoja ulionyooka, na mimi ninayekata vitambaa kila siku nakwambia mkono ule haukutetemeka. Pesa hakuna, simu hakuna. Kitambulisho aliniachia.

Abiria wa kiti cha nyuma yangu alikuwa ameshashuka. Wapi, konda hakumbuki.

Kisumu nikaenda kituo cha polisi cha kwanza nilichoelekezwa. Kijana aliyekuwa kaunta alinipokea vizuri, akafungua kile kitabu kikubwa cha OB, wanamoandika matukio, akashika kalamu. "Uliibiwa wapi, mama?" Nikamwambia kati ya Mtito na Salgaa. Akaiweka kalamu chini.

"Hiyo ni kaunti ngapi?"

Tukaanza kuzihesabu pamoja, kama watoto wa darasa la nne: Makueni, Machakos, Nairobi, Kiambu, Nakuru. Kajiado tukabishana kama barabara inaigusa au haiigusi. Mwisho akacheka, si kwa ubaya, akasema Kisumu haimo kwenye orodha hiyo, kwa hiyo yeye hawezi kuniandikia. Nirudi niripoti kule kule kosa lilikotendeka. Kule wapi? Hilo nilijue mwenyewe.

Usiku nikiwa narudi, basi liliposimama Nairobi nikakimbilia kituo kilichokuwa karibu na stendi. Huyu wa pili hata OB hakufungua. Alisema mtu huripoti aliposhuka, yaani Kisumu. Nikamwambia Kisumu ndiko ninakotoka. Akanitazama kama mimi ndiye mwizi. Basi likapiga honi, nikaondoka.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, amesoma sheria huko Pune, India, na sasa yuko kwenye afisi ya wakili hapa Mombasa akisubiri kuapishwa. Nilipomsimulia hakunipa pole kwanza. Alikwenda kuleta kitabu. (Ndivyo walivyo.)

Sheria yetu ya mwenendo wa jinai, akasema, ilishamfikiria abiria aliyelala. Kifungu cha 71 kinasema kwa kawaida kesi husikizwa mahali kosa lilipotendwa. Lakini kuna cha 74, cha kosa ambalo haijulikani limetendeka upande gani kati ya maeneo kadhaa: mahakama ya eneo lolote kati ya hayo inaweza kulisikiza. Na kuna cha 75, cha kosa lililotendwa safarini: mahakama za maeneo ambayo safari ilipitia zote zina uwezo. Nikamuuliza mbona basi askari wawili wamenifukuza. Akanyanyua kidole.

"Mamdogo, hivyo ni vifungu vya mahakama. Polisi hana hata mpaka huo. Katiba, ibara ya 243: Huduma ya Taifa ya Polisi ni ya kitaifa na inafanya kazi Kenya nzima."

Kwa hiyo ule mpaka niliogongana nao kaunta ulikuwa wa kiutawala tu. Kila kituo kina eneo lake, gari lake, mafuta yake na orodha yake ya kesi zisizokwisha. Kugawana maeneo kuna maana yake, sikatai. Mpelelezi wa Kisumu hawezi kujua nani anauza simu za wizi Gilgil, kule kabla ya Nakuru. Lakini kupeleleza na kuandika ni mambo mawili. Mimi sikumwomba yule kijana wa Kisumu amsake mwizi. Nilimwomba mistari minne ya wino na nambari.

Huko alikosoma mpwa wangu jambo hili lina jina: FIR ya sifuri (FIR ni ile ripoti ya kwanza ya kosa inayoandikwa na polisi). Unaingia kituo chochote, hata kama kosa limetendeka jimbo jingine, wanakuandikia ripoti kwa nambari sifuri, kisha wao ndio wanaoihamisha kwenda kituo kinachohusika, na huko ndiko hupewa nambari ya kawaida. Ilishika kasi baada ya mkasa wa yule msichana wa Delhi aliyebakwa ndani ya basi mwaka 2012 akafa, na tangu tarehe 1 Julai 2024 imo ndani ya sheria yao mpya ya mwenendo wa jinai. Anasema hata huko askari hukwepa. Ila mwananchi ana kitu cha kuwanyooshea.

Lililonikera zaidi silo la kwangu. Ni kwamba mpaka huu una upande mmoja. Juni 2025, Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu wa miaka 31, alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay kwa ajili ya maneno yaliyoandikwa mtandaoni kuhusu mkubwa mmoja wa polisi. Alichukuliwa kwa gari zaidi ya kilomita 300 hadi kituo cha Central, Nairobi. Kesho yake alikuwa maiti. Polisi wakasema alijigonga kichwa ukutani. Upasuaji wa maiti ukaonyesha majeraha ambayo ukuta hauwezi kuyaleta. Njia ile ina vituo na mahakama ngapi? Siku ile hakuna aliyehesabu kaunti. Mafuta yalipatikana.

Narudi kwangu. Mombasa, kwenye kituo kilicho karibu na nyumbani, nilikwenda na mpwa wangu na kitabu chake, tayari kwa vita. Tukamkuta koplo, mwanamke wa makamo, miwani imemshuka puani. Kitabu hakukitazama. Aliniuliza laini nimeshairudisha? Nimeirudisha. Taarifa ya M-Pesa nimeitoa? Nikamsogezea. Saa moja na dakika kumi na nne asubuhi ile, shilingi 12,400 zilitolewa kwa wakala wa Gilgil. Nambari ya siri mwizi aliipata wapi? Basi niseme: nilikuwa nimeiandika kwenye kijikaratasi ndani ya kasha la simu. Msinicheke, koplo ameshanicheka kwa niaba yenu.

"Alishuka Gilgil," akasema, akaanza kuandika. Mahali pa tukio aliandika: *Barabara ya Mombasa–Kisumu, ndani ya basi.* Hivyo tu. Maneno sita, na kitabu hakikupasuka. Akanipa nambari ya OB, akapiga simu mbele yangu kwa mwenzake wa upande wa Gilgil, akamsomea jina la wakala na saa.

Pesa sijazipata. Wakala alihojiwa, nikaambiwa kamera yake ni ya mapambo. Faili liko wazi, na koplo hunijibu nikimpigia, jambo ambalo wanaonidai na ninaowadai wengi hawalifanyi.

Wiki iliyopita nimesafiri tena. Mkoba mpya, mkanda umepita shingoni na chini ya buibui. Nambari ya siri iko kichwani. Na kila basi linapopunguza mwendo namtumia mpwa wangu ujumbe, amekasirika maana namwamsha, lakini aliyataka mwenyewe na vifungu vyake:

Voi, saa nne kasoro, mkoba upo.
Mtito, saa sita na robo, mkoba upo.
Emali, mkoba upo. Kaunti ya Makueni, andika.