Ua lililosagwa

Jumamosi moja jirani yangu hapa Ohio, mzee wa miaka themanini na kitu, aliniita gerejini kwake. Alikuwa ameshusha darini bunduki ya marehemu baba yake, aliyepigana Pasifiki. "Nisomee haya maandishi ya Kijapani," akasema. Kijapani sijui hata salamu. Ila babu yangu mzaa mama alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, aliyepelekwa Burma, na hadithi zake za bunduki za Wajapani zilikuwa zinatupozea uji. Nikakubali.

Tulivuta bolti nyuma na kumulika chemba kwa tochi: tupu. Mzee akaja na stiliwaya. Nikamzuia haraka, maana alama ukishaisugua hairudi. Nilitumia mswaki mkuukuu na tone la mafuta, nikafuta, kisha nikapaka chaki. Maandishi yakajitokeza meupe.

Juu ya chemba kulikuwa na herufi tatu, mbili za kwanza zikifanana kama pacha. Hizo ni 9 na 9, ya tatu ni "aina". Basi ni Aina ya 99, iliyoitwa hivyo kwa kuwa 1939 ni mwaka 2599 wa kalenda yao ya kifalme. Tundu la kutolea gesi lilikuwa moja tu. Aina ya 38, ya zamani zaidi, inayo mawili.

Nilikwama ubavuni kushoto. Kabla ya namba kulikuwa na kiduara, na ndani yake msalaba. Usiku kucha nikamtungia yule askari ukristo, na ubatizo juu! Asubuhi nikatazama tena: mguu wa msalaba umepinda kushoto. Kumbe ni silabi yao "na". Namba zilipofika 99,999 walianza upya na kuupa kila mkupuo silabi yake, kwa mpangilio wa shairi lao la kale linaloanza i-ro-ha. "Na" ni ya 21, na mkupuo huo ni wa kiwanda cha silaha cha mji wa Kokura. Mwisho wa namba palikuwa na nembo ya kiwanda hicho, duara nne zilizopandana kama rundo la risasi za mizinga ya kale. Kokura ndiyo iliyolengwa kwa bomu la atomiki tarehe 9 Agosti 1945. Anga lilipozibwa na mawingu na moshi, ndege ikaelekea Nagasaki.

Palibaki pale juu, mahali pa ua la krisanthemamu la petali 16, nembo ya mfalme wa Japani. Ua halikuwepo. Palikuwa na mikwaruzo ya tupa tu.

Hapo nikanyamaza. Mzee amekua akisimuliwa kwamba baba yake aliipokonya mikononi mwa adui, vita vimepamba moto. Zilizotekwa hivyo mara nyingi ua lake lipo. Zilizosagwa kwa kawaida ni zile zilizokabidhiwa baada ya Japani kusalimu amri. Nikamweleza taratibu, macho chini.

Akapitisha kidole gumba penye mikwaruzo, mara mbili, tatu. "Ndiyo maana mama alikuwa anatoka chumbani kila hadithi ikianza," akasema, akacheka mpaka akakohoa.