Mtama sio "millet" jamani

Mbukwenyi! Kuna kitu kimenikaa rohoni tangu wiki iliyopita, hivi vineno vya Kiingereza tulivyozoea kuvichukulia kama mapacha.

Mama mkubwa wangu wa Chamwino na wenzie wa kikundi wana magunia ya mtama mweupe, wakaniomba niwaandikie tangazo la Kiingereza la kumtumia mnunuzi, mi nikaandika "millet" maana shule ndo tulivyokaririshwa na kamusi nilizowahi kufungua zinakupa hilo hilo. Mnunuzi akajibu fasta kua hahitaji, yeye anatafuta "sorghum". Mama mkubwa akaniuliza, "Sasa mwanangu, anataka nafaka gani huyo?" Sikua na jibu. Usiku ndo natafuta nakuta "sorghum" ndo mtama wenyewe! Uwele ndo "pearl millet" na ulezi ni "finger millet". Niliumia sana, watu wamelima kwa jua hili la Dodoma alafu neno moja linawanyima soko.

Kesho yake nikapita soko la Majengo nikanunua vyote vitatu, nikavimwaga kiganjani. Mtama punje nene za duara. Uwele punje ndogo, zina rangi kama ya majivu na zimechongoka upande mmoja, na kule shambani suke lake ni refu limesimama kama mkia wa paka. Ulezi ndo vipunje vidogo kabisa vya kahawia, suke limegawanyika kama vidole vya mkono, na hilo jina la Kiingereza limetokea hapo hapo kwenye vidole. Bibi zetu wa Kigogo hawachanganyi hata siku moja, akishasema leo ugali wa uwele na mlenda usimpelekee unga wa mtama.

Zabibu nazo hivyo hivyo. Kwetu zabibu ni zabibu tu, iwe mbichi imetoka Mpunguzi au kavu ya kuweka kwenye pilau, ila Kiingereza mbichi ni "grape" na ikishakauka inakua "raisin", kwahiyo dada zangu mnaouza ndoo barabarani mkiandika "raisins" mgeni atategemea kavu.

"Borrow" na "lend" nadhani mnazijua, shida inatoka kwenye kuazima kwetu, naazima jembe ("borrow"), niazime jembe ("lend"), neno moja linaenda pande zote. Ila kwenye nyumba sisi ndo tumewazidi! Tuna kupanga na kupangisha, wao "rent" hiyo hiyo kwa mpangaji na kwa mwenye nyumba, na Dodoma hii tangu serikali ihamie utofauti huo ni wa muhimu mno.

Tangazo nimeliandika upya, "white sorghum", na picha ya suke nimeweka. Mnunuzi kajibu anataka sampo ya kilo mbili, hapa naandika huku mama mkubwa anapepeta.